Kabla ya Kununua Beringi ya Kifaa Tiba, Uliza Itauawa na Nini

Biashara ya beringi katika maduka ya spea ya Tabora mjini haichukui muda. Unatoa mfukoni ile iliyokufa, muuzaji anaifuta grisi kwa kitambaa, anasoma namba iliyochongwa ubavuni, anageukia rafu. 6203. Boksi juu ya kaunta, unalipa, unaondoka. Kwa mashine ya kusaga ya Isevya au bodaboda ya Ipuli sina ugomvi na utaratibu huo. Beringi ikifa baada ya miezi michache unarudi kuchukua nyingine, na aliyepata hasara ni mwenye mashine. Ugomvi wangu unaanza pale fundi anapotumwa dukani kwa namna ileile, safari hii kwa ajili ya sentrifuji ya maabara, ile mashine inayozungusha damu kwa kasi ili itengane, au mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto. Ametoka hospitali na namba, anarudi na namba. Mashine inazunguka, fomu ya matengenezo inasainiwa, na hakuna aliyeuliza lolote zaidi.

Namba hiyo inajibu swali dogo kuliko yote: je, beringi itaingia? Katika namba ya tarakimu nne kama hiyo, mbili za mwisho zinataja tundu la katikati. 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5. Kwa hiyo kila 6203 duniani ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje milimita 40 na unene milimita 12, iwe imetoka Sweden, Japani, China au karakana isiyo na jina. Habari nzito zinakuja baada ya namba, katika herufi ambazo wengi wetu huziruka. ZZ maana yake imefunikwa bati pande zote mbili. 2RS imefunikwa mpira. C3 ina nafasi ya ndani kubwa kuliko kawaida, ili chuma kikitanuka kwa joto gololi zisibanwe. Halafu zipo P6, P5, P4 na P2, ambazo ni madaraja ya usahihi kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 492; namba ikishuka, usahihi unapanda. Wamarekani huyaita ABEC 3, 5, 7 na 9. Beringi isiyo na alama yoyote ya P ni ya daraja la kawaida.

Hapo kwenye madaraja ndipo kosa la pili linapozaliwa, na hili hufanywa na watu waliosoma. Mhasibu au mganga aliyesikia kwamba vifaa tiba vinataka "usahihi" anaandika kwenye ombi la ununuzi: beringi, daraja la juu kabisa. Anaamini amemlinda mgonjwa. Ukweli ni kwamba daraja linapima vipimo na kuyumba tu. Chukua 608, beringi ndogo ambayo tarakimu yake ya mwisho ndiyo tundu lenyewe, milimita 8. Katika daraja la kawaida, pete yake ya ndani inaruhusiwa kuyumba hadi maikromita 10 inapozunguka (milimita moja ina maikromita 1,000). Katika P4, maikromita 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi, kwa hiyo hata ile ya kawaida si kitu cha kudharau. Lakini P4 haikuambii gololi zimetengenezwa kwa nini, keji inayozitenganisha itahimili joto gani, grisi iliyomo ni ya namna gani, wala kama chuma kile kitashika kutu kikikutana na mvuke. Unaweza kulipia usahihi mara kadhaa ya bei ya kawaida na beringi ikafa upesi kuliko ya bei nafuu, kwa sababu kilichoiua hakikuwa kuyumba.

Ndiyo maana nashikilia kwamba uchaguzi uanze na kifo. Mahali beringi hii inapokwenda, kitakachoiua ni nini? Mvuke, vumbi, kasi, joto, uzito, au nyundo ya fundi? Jibu la swali hilo ndilo lichague chuma, gololi, grisi, kifuniko na, mwisho kabisa, daraja. Na jibu liandikwe kwenye faili la kifaa ili fundi wa kesho asianze upya.

Hakuna kifaa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kuliko hendipisi ya kasi, ile drili ya daktari wa meno. Tangu John Borden wa Marekani alipoleta ya kuendeshwa kwa upepo mwaka 1957, ikizunguka mara 300,000 kwa dakika, kazi ya kusafisha jino lililooza ilibadilika kabisa, na leo zipo zinazofika 400,000. Kichwa chake kimebeba beringi mbili zenye tundu la milimita 3.175 na kipenyo cha nje milimita 6.35. Gololi zake zina kipenyo cha milimita 1 hivi, ndogo kuliko punje ya ulezi. Gololi ya chuma ya ukubwa huo ina uzito wa miligramu 4. Ukipiga hesabu ya mzunguko wake ndani ya beringi, shafti ikiwa kwenye 400,000, unakuta kila gololi inaikandamiza pete ya nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya robo kilo. Miligramu 4 zimegeuka robo kilo, na gololi ziko kadhaa. Hii ndiyo sababu ya kutumia gololi za seramiki ya silikoni nitridi: uzito wake ni kama asilimia 40 ya chuma, hivyo nguvu hiyo nayo inashuka kwa kiwango hichohicho, na seramiki haigandani na chuma mafuta yakipungua.

Kasi, hata hivyo, mtengenezaji ameshaipigia hesabu. Kinachoiua hendipisi kwetu ni otoklevu, yaani mvuke wa nyuzi 134 unaoua vijidudu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Chuma cha kawaida cha beringi kina kaboni asilimia 1 na kromu asilimia 1.5 hivi; ni kigumu, kizuri, na kinashika kutu. Kwa hendipisi unahitaji chuma kisichoshika kutu, kile kinachoitwa 440C, chenye kromu asilimia 16 hadi 18, na keji ya plastiki inayostahimili joto hilo mara mamia. Mafuta nayo yaingizwe kabla ya kifaa kuingia kwenye otoklevu, kama watengenezaji wengi wanavyoagiza, na yawe mafuta ya hendipisi. Ya cherehani hayafai. Yakipikwa yanaganda na kuwa gundi. Hewa ya kompresa pia iwe kavu. Tangi lisipomwagwa maji kila siku, hasa masika, unapuliza unyevu moja kwa moja kwenye gololi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama hospitali ya wilaya inunue katriji, yaani kile kipande cha ndani ya kichwa cha hendipisi chenye beringi zake, za gololi za seramiki, nasema ndiyo, mradi yupo muuguzi aliyepewa chupa ya mafuta na muda wa kuyaweka. Bila hivyo pesa zimepotea. Na nasema katriji nzima kwa makusudi: imesawazishwa kiwandani pamoja na kinu chake cha upepo. Kubadilisha beringi moja moja ndani yake bila vifaa maalumu vya kubania ni kuharibu mpya ili kuokoa ya zamani. Wanaodhani hili ni suala la kelele tu wakumbuke tahadhari iliyotolewa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2007 kuhusu hendipisi za umeme zisizotunzwa vizuri. Beringi zilizochoka zilichemka na kuwaunguza wagonjwa midomoni, wengine hadi kuhitaji upasuaji wa kurekebisha. Mgonjwa alikuwa amechomwa ganzi, hakuweza kusema kwamba anaungua.

Hendipisi mbovu angalau inapiga kelele. Kifaa kinachonitisha zaidi ni kile kinachodanganya kimyakimya, na hapa Tabora kifaa hicho ni sentrifuji ya hematokriti. Mikoa ya Tabora na Kigoma ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, na malaria inakula damu ya watoto. Mama anafika na mtoto aliyepauka, damu inavutwa kwenye mrija mwembamba kama sindano, mrija unazungushwa kwa kasi ya mizunguko kati ya 10,000 na 12,000 kwa dakika kwa dakika 5. Chembe nyekundu zinashuka na kujipanga chini, mtaalamu wa maabara anasoma zimechukua asilimia ngapi ya mrija. Kwa namba hiyo daktari anaamua kama mtoto aongezewe damu.

Sasa weka beringi iliyochoka. Msuguano unaongezeka, motor inashindwa kufikia kasi yake, mashine inazunguka 8,000 huku piga ikionyesha palepale pa zamani. Chembe hazikubanwa vya kutosha, maji ya damu yamenaswa katikati yake, safu nyekundu inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Jibu linatoka juu ya ukweli. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu anasomeka kama mwenye upungufu wa kati, na anarudishwa nyumbani na vidonge. Mashine haikuwasha taa nyekundu, haikutoa harufu, na kila aliyeigusa alifanya kazi yake kwa uaminifu. Katika sentrifuji kubwa ya kutenganisha maji ya damu mtetemo unaweza kupasua chembe, na chembe zikipasuka potasiamu iliyokuwa ndani yake inamwagika, jibu la potasiamu linapanda bila mgonjwa kuwa na tatizo hilo.

Kwa mashine hii ndipo nalipia usahihi bila kusita: P5 au yenye usahihi zaidi, grisi ya kasi kubwa, na kifuniko cha bati. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba mpira ni bora kwa sababu unazuia vumbi. Ni kweli unazuia, lakini mdomo wa mpira unagusa pete inayozunguka. Unazaa joto, unaivuta motor, na kwa baadhi ya saizi unaishusha kasi inayoruhusiwa hadi karibu kabisa na kasi ya kazi yenyewe. Bati haligusi. Vumbi la kiangazi tulishughulikie kwa kufunga madirisha ya maabara na kuifunika mashine. Na kila baada ya kubadilisha beringi, mashine ipimwe kasi kwa takometa ya mwanga, ile ndogo ya mkononi, na matokeo yaandikwe. Maabara inayosoma damu za watoto kwa mashine ambayo kasi yake haijawahi kupimwa inabahatisha.

Mashine ya kuzalisha oksijeni ina ujanja kama huo. Inavuta hewa ya chumbani, kompresa inaisukuma kwenye mchanga maalumu wa zeolaiti, nitrojeni inanaswa, oksijeni ya asilimia 90 na ushee inatoka. Beringi za kompresa zikichoka, msukumo unapungua na zeolaiti inaacha kunasa ipasavyo. Kigololi kwenye kipimo cha mtiririko bado kinaelea kwenye lita 5, kwa sababu kipimo hicho kinahesabu lita na hakijui ndani yake mna nini. Shirika la Afya Duniani linataka oksijeni isishuke chini ya asilimia 82. Bila kifaa cha kupima huwezi kujua umeshuka. Muuaji hapa ni joto, na joto linaletwa na vumbi lililoziba vichujio. Kompresa hizi zimeundwa zisitumie mafuta, beringi zake zimefungwa na grisi ya maisha yake yote. Fundi anayefungua kifuniko na kupaka grisi ya magari ili "kuisaidia" anaichemsha zaidi, na mvuke wa mafuta unaokwenda kwenye zeolaiti unaiharibu, mbali na kwamba mwisho wa bomba lile pana pua ya mtoto.

Geuka sasa upande wa pili, maana nisingependa msomaji aondoke akidhani kila kinachoitwa kifaa tiba kinataka kitu cha ghali. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha magurudumu mara nyingi yamekaa kwenye 608. Yanazunguka polepole sana, yanapita kwenye mchanga wa Ng'ambo na madimbwi ya Cheyo. Usahihi wa maikromita 2.5 hauna kazi yoyote hapo. Muuaji ni mchanga na maji, na dawa yake ni 608 ya daraja la kawaida yenye mpira pande zote mbili, ya kampuni inayoaminika, ambayo mwenye kiti anaweza kuipata hata Urambo au Sikonge kwa bei isiyomuumiza. Ukimwekea P4 yenye kifuniko cha bati kwa kuwa kiti ni kifaa tiba, baada ya mvua mbili atakuwa anasukuma jiwe.

Bomba la eksirei nalitaja kwa ufupi, kwa kuwa hakuna fundi wa mkoani atakayelifungua. Ndani yake sahani inayopigwa na elektroni inazunguka kati ya mizunguko 3,000 na 10,000 kwa dakika, katika joto kali na katika ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa. Mafuta yoyote yangegeuka mvuke na kuliharibu ombwe, kwa hiyo gololi hupakwa fedha au risasi laini. Beringi zikifa, linanunuliwa bomba zima. Kitu pekee kilicho mikononi mwetu ni kidole cha mpiga picha: kitufe kina hatua mbili, ya kwanza inaizungusha sahani na ya pili inapiga. Anayebonyeza hatua ya kwanza kisha akaanza kumwambia mzee avute pumzi, ageuke kidogo, hapana, upande ule, anazila beringi na waya wa bomba bila sababu. Maelekezo yatangulie, kitufe kifuate.

Kuna vifo viwili vinavyotokea kabla mashine haijawashwa, na vyote viwili vinatuhusu sana sisi tulio mbali na bandari. Cha kwanza ni usafiri. Mashine ikisimama bila kuzunguka huku ikitikiswa kwa zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, kwa lori au kwa behewa, gololi zinasugua palepale zilipokaa, zinaisukuma kando grisi na kuchimba vishimo kwenye njia yake. Wamarekani waliliona tatizo hili zamani kwenye magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni. Yalifika yakiwa hayajatembea na beringi za magurudumu zimeshaharibika. Mashine ya maabara ifungwe juu ya sponji, rota, ile sehemu inayozunguka, itolewe au ifungwe kama kitabu chake kinavyoagiza, na ikifika izungushwe kwa mkono polepole kabla ya kupewa umeme. Ukihisi vijigingi vidogo kidoleni, iandikie ripoti siku hiyohiyo kabla dhamana haijaanza kubishaniwa.

Cha pili ni nyundo. Beringi inayoingia kwenye shafti hubanwa kwa pete ya ndani. Ukiipiga kwa pete ya nje, nguvu inapita kwenye gololi, na kila gololi inaacha alama kwenye njia. Daraja la P5 ulilolinunua kwa shida limeshuka hadi chini kabisa kwa pigo moja. Tabora si mji mgeni kwa ujuzi huu. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1912, na wapo mafundi waliozeeka na beringi za magari ya reli wanaojua kwamba beringi hupashwa joto, kama nyuzi 100 na kidogo, ikatanuka na kuteleza yenyewe mahali pake bila kelele. Hospitali zetu na VETA ya hapa zingeweza kuwaita wazee hawa wakae na vijana wa vifaa tiba kwa wiki moja. Gharama yake ni posho na chai.

Kuhusu ununuzi nitasema waziwazi. Kifaa tiba kinapoingia nchini kinapita mikononi mwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kina makaratasi. Beringi inayowekwa ndani yake miaka mitatu baadaye mara nyingi hununuliwa kwa fedha taslimu za dharura, na jina kubwa lililochapwa kwenye boksi linaweza kuwa la kughushi, kwa sababu beringi ni miongoni mwa bidhaa zinazoghushiwa sana duniani. Siwalaumu mafundi, wanafanya kazi na walichopewa. Nawataka wanaoandika bajeti waache kuweka beringi kwenye fungu moja na balbu na misumari. Mstari wa ombi usomeke hivi: 608, bati pande zote, daraja P5, grisi ya kasi kubwa isiyopungua mizunguko 15,000, kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji, vipande 4, kwa sentrifuji ya namba fulani. Mstari huo unachukua dakika moja kuuandika, na muuzaji wa ubabaishaji akiusoma anajua hana cha kuleta.

Mpaka hapa nimezungumzia beringi zinazoweza kubadilishwa. Zipo zisizobadilishika bila kisu. Nyonga bandia ni beringi: kichwa cha duara kinazunguka ndani ya kikombe, kimebeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili kila hatua, kama mara milioni 1 kwa mwaka, bila grisi nyingine zaidi ya maji ya mwili. Na historia yake inathibitisha kanuni ileile kwa gharama ya miili ya watu.

John Charnley, daktari wa mifupa wa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950 alitafuta kitu chenye msuguano mdogo kuliko vyote akakipata: Teflon. Aliwawekea wagonjwa wapatao 300. Kwa kipimo cha msuguano alikuwa sahihi. Lakini kilichoua nyonga zile kilikuwa kulika. Teflon ililika haraka, na chembechembe zake zikaufanya mwili ujenge uvimbe na kula mfupa. Mwaka 1962 fundi wake wa karakana katika hospitali ya Wrightington, Harry Craven, alipata plastiki nyingine kutoka kwa mchuuzi, polietilini nzito iliyokuwa ikitumika kwenye giya za mashine za kufuma nguo za Lancashire. Charnley aliikwaruza kwa ukucha, hakuvutiwa nayo. Craven aliiweka kwenye mashine ya kupimia akaiacha ifanye kazi. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Novemba mwaka huo Charnley akaanza kuitumia kwa wagonjwa, pamoja na kichwa kidogo cha chuma chenye kipenyo cha milimita 22.225, na ukoo wa plastiki hiyo ndio unaotumika hadi leo. Napenda kila fundi wa vifaa tiba wa hospitali za Kitete, Nkinga na Ndala aijue habari hii. Msuguano ulikuwa swali la daktari. Kulika lilikuwa swali la fundi, na ndilo lililookoa wagonjwa.

Somo hilo lilisahaulika tena. Miaka ya 2000 watu walivutiwa na kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha chuma, kwa hoja kwamba chuma ni kigumu na kimesuguliwa kwa usahihi wa hali ya juu. Mashine za majaribio ziliridhika. Ndani ya mwili, kikombe kikikaa kwa pembe isiyo nzuri, kichwa kilibana ukingoni, kobalti na kromu zikamwagika kwenye nyama na damu. Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliiondoa sokoni nyonga yake ya ASR, ambayo watu wapatao 93,000 walishawekewa. Takwimu za Uingereza zilionyesha kwamba ndani ya miaka 5 asilimia 12 hadi 13 walikuwa wamerudi kwenye upasuaji. Zilizoligundua hilo ni sajili za nchi, ambamo kila nyonga iliyowekwa huandikwa ni ya aina gani na imedumu muda gani.

Kwetu jambo hili haliko mbali. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na ugonjwa huo unaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukikatia damu, mgonjwa akiwa bado kijana. Ongeza waliovunjika nyonga kwa ajali za bodaboda. Wengi husafiri hadi taasisi ya mifupa ya MOI Dar es Salaam, au hospitali za Bugando na KCMC. Anayewekewa nyonga akiwa na miaka 28 ataitembelea kwa hatua nyingi kuliko mzee wa Uingereza aliyebuniwa nyonga hiyo, atachuchumaa, ataendesha baiskeli, atalima. Kichwa kikubwa, milimita 32 au 36, kinapunguza hatari ya kuchomoka anapochuchumaa. Zamani kilikula plastiki zaidi, lakini polietilini iliyoimarishwa kwa mionzi, iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, imepunguza sana kulika huko. Seramiki ndani ya seramiki inalika kidogo kuliko zote, ila inaweza kupasuka na nyingine hulia kwa mlio. Kwa kijana wa Tabora, ambaye hospitali ya kurekebisha iko safari ya siku nzima, mimi ningeelekea kwenye kichwa cha seramiki juu ya polietilini iliyoimarishwa, na kama bei inashinda, kichwa cha chuma juu ya polietilini hiyohiyo. Daktari wake ndiye mwenye neno la mwisho, kwa kuwa ndiye anayeuona mfupa.

Ninachodai kwa kila mgonjwa ni karatasi. Anapotoka wodini apewe kadi yenye jina la mtengenezaji, aina ya nyonga, namba ya toleo, kipenyo cha kichwa, kichwa ni cha nini, kikombe ni cha nini, na tarehe. Apige picha kwenye simu, nakala abaki nayo ndugu wa nyumbani, nyingine iwekwe kwenye faili lake la kliniki hapa mkoani. Miaka 15 baadaye plastiki ikilika, daktari mwenye kadi hiyo mkononi anaweza kuagiza kipande kinachooana na kile kilichomo, akabadilisha plastiki na kichwa peke yake, shina likabaki kwenye mfupa. Asiye nayo ataangalia eksirei na kukisia, na akishindwa kukisia itabidi ang'oe vyote.